Mwaka wa Viatu vya Kabatini

Saruni, mtoto wa kwanza wa rafiki yangu Nashipae, aliingia sebuleni mwa mama yake akichechemea, akajishusha kwenye kochi taratibu, akatutangazia kwamba kiatu ni adui wa binadamu. Tulikuwa Kisaju, Jumapili ile baada ya kumzika Mwalimu Mutiso, mwalimu wetu wa michezo wa zamani, na mimi na Nashipae tulikuwa tumekaa tangu asubuhi tukinywa chai, tukilia kidogo na kucheka sana, maana Mwalimu Mutiso hakuwa mtu wa kuliliwa kwa muda mrefu. Saruni anafanya kazi benki Nairobi na amepanga nyumba Kitengela. Alikuwa amesoma kwenye simu kwamba anayekimbia miguu mitupu hukimbia vizuri zaidi na magoti hayamsumbui. Basi Jumamosi moja akaacha viatu mlangoni, akaingia barabara ya murram, changarawe tupu, akaenda mbali mno na kurudi, yeye ambaye tangu nasari hajawahi kukanyaga hata sakafu ya bafu bila kandambili. Kesho yake alishuka ngazi za ploti yao kwa makalio. "Auntie, utafiti unasema binadamu aliumbwa akimbie peku," akaniambia. "Binadamu gani?" mama yake akauliza. "Huyu aliumbwa akae kwa kompyuta?"

Nilimhurumia, na tena hakuwa anasema upuuzi. Alitueleza kwamba mwenye viatu vya soli nene hutanguliza kisigino, pu, na mshtuko unapanda hadi gotini. Mwenye miguu mitupu hutanguliza sehemu ya mbele ya wayo, hatua fupi fupi, na mguu wenyewe unakuwa springi. Kosa lake, akasema, ni kwamba hakuipa misuli ya nyuma ya mguu muda wa kujifunza. Akatuuliza sisi tulikuwa tunakanyagia wapi. Tukatazamana. Nashipae ana medali mahali fulani chini ya kitanda, mimi nilikimbia hadi nikaolewa, na hakuna kati yetu aliyejua anakanyagia wapi. Basi wanawake wawili wazima, mmoja akiwa na wajukuu, tukavua malapa, tukafunga leso vizuri, tukakimbia kutoka kwa friji hadi mlangoni na kurudi, huku Saruni amelala kifudifudi kwenye zulia akitazama nyayo zetu na kupiga kelele, "Mbele! Wote wawili mnakanyaga na mbele!" Glasi zikalia kabatini. Nashipae akakaa chini akihema, akasema, "Nafula, mwambie huyu kijana mwaka wa viatu." Nikamwambia, tukacheka hadi chai ikapoa. Lakini njiani nikirudi nyumbani niligundua nimemsimulia nusu. Nilisimulia viatu, nikamruka mama yangu, na mwaka ule ulikuwa wa mama yangu.

Ilikuwa mapema miaka ya tisini, na mimi nilikuwa kidato cha tatu katika shule ya kutwa. Kitengela yenyewe ilikuwa maduka kando ya barabara ya Namanga, bucha, vumbi, na nyuma ya ploti zetu uwanda mtupu ambapo pundamilia walikula hadi karibu na kamba za nguo za watu. Tuliishi vyumba viwili vya mawe. Chumba cha mbele kilikuwa cha wageni, ingawa wageni wenyewe hawakuja. Kulikuwa na kochi lililofunikwa vitambaa vya kufuma, juu ya vitambaa karatasi ya plastiki, na juu ya plastiki hakuna aliyeruhusiwa kukaa isipokuwa pasta. Kabati lilikuwa na glasi zenye maua ambazo sisi watoto tulizijua kwa macho tu. Chai yetu tulinywa kwa vikombe vya bati. Mama aliamini kwamba kitu kizuri kinawekwa, kinapanguswa, kinangoja siku yake. Wala hakuwa peke yake. Kila nyumba ya ploti ile ilikuwa na kabati lake na bati lake, na hata kwao Nashipae, Kisaju, kibuyu kilichopambwa shanga kuliko vyote kilitundikwa juu kikingoja harusi, huku maziwa yakinywewa kwa kibuyu kilichopasuka na kushonwa. Mimi mwenyewe nilikuwa hivyo hivyo. Viatu vyangu vya shule nilivibeba mkononi hadi getini, nikavivaa hapo ili Madam, mwalimu mkuu wetu, avione, na jioni nikavivua getini nikarudi navyo mkononi. Kwa hiyo viatu vyangu vilikuwa kama vipya na miguu yangu ilikuwa kama ya mtu mwingine.

Ukuta kati yetu na jirani, Mama Kevo, haukuwa umefika juu kabisa. Fundi aliishiwa na mawe au na subira. Maneno yalipita pale juu bila kubisha hodi. Siku moja nikiwa jikoni nasonga ugali nikamsikia mama akiwa kwa jirani. "Mama Kevo, umeona miguu ya Nafula?" "Nimeiona." "Hiyo ni miguu ya msichana?" Mama Kevo akafikiri. "Ni ya mtu anavunja kokoto," akasema. "Juzi amekanyaga kaa la moto hapo jikoni," mama akaendelea, "na ni mimi nimesikia harufu. Yeye anaendelea tu na ugali." "Wololo! Na bwana atapata wapi?" "Labda mwenye anatafuta mtu wa kulima." Wakacheka wote wawili, halafu mama akaacha kucheka. Akasema, kwa sauti ya chini ambayo ukuta ule pia uliipitisha, kwamba yeye alitoka kwao magharibi bila viatu, akaingia kanisani siku ya kubatizwa bila viatu, na watu wakamtazama miguu badala ya uso. Hakuja mpaka Kitengela ili amwone binti yake akipita barabarani na magaga kwa kupenda kwake mwenyewe. Niliendelea kusonga ugali. Ulikuwa mgumu kupita kiasi siku hiyo na hakuna aliyeniuliza kwa nini.

Usiku huo huo, tukila omena, mama akatoa hukumu. Alikuwa mtu wa kutoa hukumu akiwa na mwiko mkononi. "Nafula, hii kukimbia yako nimeivumilia tangu ukiwa darasa la tano," akasema. "Sasa sikiza. Ukichaguliwa uende mashindano ya mkoa, nitafunga mdomo, utakimbia mpaka uchoke. Usipochaguliwa, imeisha. Hiyo miguu inaingia ndani ya viatu na inakaa humo, na kila likizo unaenda Bungoma kwa shangazi yako kujifunza taipu." Nilimwuliza kama hatangoja hata mwaka mmoja zaidi. "Nimengoja," akasema. "Ongeza mboga." Sikulala vizuri. Watu hudhani mtoto anayekimbia anataka medali. Mimi nilitaka kuwa pale uwandani alfajiri, umande unakata vidole, Nashipae akipumua kando yangu, na nyumbu wakiinua vichwa kututazama kisha wakiona ni sisi tu. Sikuwa na kitu kingine kilichokuwa changu. Taipu niliiogopa kuliko chui.

Mwalimu Mutiso alifundisha jiografia na alipewa michezo kwa sababu ndiye aliyekuwa na baiskeli. Alikuwa na tumbo la heshima na filimbi iliyofungwa kwa kamba ya kiatu. Alitufuata nyuma akipiga kelele, "Mikono! Mikono!" kwa kuwa kitu pekee alichokijua kuhusu kukimbia kilihusu mikono. Siku moja nilimwuliza tufanye nini na miguu. Akasimamisha baiskeli, akatafakari, akasema, "Miguu inajijua." Na kusema kweli ilijijua. Msiniulize kama miguu mitupu haiumii, inaumia. Kiangazi murram ilituchoma. Masika udongo mweusi uliganda chini ya nyayo hadi kila mmoja wetu akawa mrefu kuliko alivyozaliwa, na tukalazimika kusimama kuukwangua kwa kijiti. Niliwahi kukanyaga jiwe kwa kisigino nikachechemea hadi mwezi ukaisha, na kipande cha chupa karibu na kichinjio kiliniachia alama hadi leo. Miiba tuliitoa wenyewe. Nashipae alitembea na pini iliyochomekwa kwenye sweta, akanikalisha chini, akakamata mguu wangu kama fundi wa baiskeli anavyokamata tairi, akauliza, "Unataka polepole ama haraka?" na kabla sijajibu mwiba ulikuwa umetoka. Lakini goti? Nyonga? Kiuno? Hatukujua kama mtu anaweza kuumwa na vitu hivyo. Nilianza kuvijua nilipopata cheo na meza.

Baada ya mazoezi ya Jumamosi tulienda kwao Nashipae, tukainamisha vichwa ili mama yake atuguse kwa salamu, "Takwenya," "Iko," tukaketi ndani gizani penye moshi kunywa chai iliyokuwa maziwa zaidi kuliko chai. Kila Jumamosi, bila kukosa, mama yake aliuliza swali moja kwa Kimaasai na Nashipae akanitafsiria akiwa amechoka nalo: "Anauliza tunafukuzwa na nani." Nashipae alimweleza kwamba hatufukuzwi, tunafanya mazoezi. Mama yake akatikisa kichwa, akaniongezea chai, akasema neno jingine. "Anasema hata swala hukimbia akiwa na sababu." Nilimwambia Nashipae amjibu kwamba mimi nafukuzwa na mama yangu. Alimjibu, na yule mama akacheka sana, akanigusa goti, na kuanzia hapo akawa ananitazama kwa huruma kama ndama yatima. Nashipae alijua habari ya hukumu. Yeye kwao hakuna aliyemkataza wala kumhimiza, mradi ng'ombe wawe wamekunywa maji. "Watachukua watatu kwenda mkoa," aliniambia. "Mimi moja, wewe mbili. Huyo wa tatu atajijua." Na ndivyo ilivyokuwa katika kila mbio tulizokimbia mwaka ule, yeye mbele, mimi nikimtazama visigino.

Kisha Mzee Lemein akatuona. Alikuwa na bucha na malori ya mchanga, moyo mkubwa na sauti kubwa zaidi. Alikuja kwenye mashindano ya tarafa, akatuona tukishinda bila viatu, na badala ya kufurahi akaumia. Siku chache baadaye akasimama mbele ya shule nzima akiwa na magunia mawili. "Watoto yangu wanakimbia kama watu wameibiwa!" akasema. "Watu ya Ngong watasema Kitengela hakuna viatu! Mimi nimekataa!" Akamwaga magunia. Viatu vilianguka kwenye nyasi, vyeupe pepe, soli nene ya kukaliwa. Shule ililipuka kwa vifijo. Mimi nililia, na sidanganyi, nililia kwa furaha, kwa sababu nilifikiri mama akiviona atabadilisha hukumu. Mzee Lemein alikuwa amefanya kama mzazi yeyote wa upande wetu angefanya: alinunua namba kubwa kuliko miguu yetu. "Watoto wanakua," akaeleza. "Wakikua wakute kiatu inawangoja." Walimu wote wakatikisa vichwa kuikubali hekima hiyo.

Wiki hiyo nilikuwa zamu ya kuosha vikombe vya chumba cha walimu, kwa hiyo nilisikia mkutano wote nikiwa kwenye karai. "Sasa wataanza kuvivaa lini?" Madam akauliza. Walimu wakamtazama kana kwamba ametukana. "Kuvaa, Madam?" Mwalimu Mutiso akasema. "Kwa matope haya? Si vitaisha kabla ya siku yenyewe?" "Nilikuwa nauliza tu." "Mimi suti yangu ya harusi," akasema mwalimu wa hesabu, "niliijaribu kwa fundi mara moja, nikaifunga mpaka kanisani." "Na ilikukaa?" "Ilinibana kwapa. Lakini ilikuwa mpya." Wakakubaliana. Viatu viwekwe kabatini, ofisini mwa Madam, vifungiwe kwa kufuli pamoja na vikombe vya ushindi, na visiguswe na ardhi hadi mashindano ya wilaya, Kajiado, ambako wa kwenda mkoa wangechaguliwa. Na mimi pale kwenye karai, mikono imejaa sabuni, nilikubaliana nao asilimia mia. Katika watu wote wa Kitengela, wasomi na wasiosoma, Wamaasai, Wakamba na sisi wa magharibi, hapakuwa na hata mmoja aliyefikiri kwamba kiatu kinahitaji kuzoeana na mguu. Kwetu sisi kilihitaji kulindwa na mguu.

Basi tukafanya mazoezi peku miezi yote iliyobaki, na kila Ijumaa jioni Madam akafungua kabati ili tuvitazame. Tulisimama mstari. Tuliruhusiwa kunusa. Vilikuwa na harufu ya mpira mpya na gundi, na Nashipae aliwahi kuchomeka mkono ndani, akaufikisha kwenye kiwiko, akasema, "Ndani humu mtu anaweza kufuga kuku." Madam akafunga. Nyumbani nilimweleza mama kila kitu, weupe wake, kamba zake, mistari ya pembeni, na mama akaanza kulainika. Nilimsikia juu ya ukuta. "Mama Kevo, nimeamua nitaenda Kajiado." "Kumwona Nafula akikimbia?" "Kukimbia ni nini? Naenda kumwona amevaa viatu." Hakuwa amewahi kuja kunitazama. Miaka yote hiyo ya kukimbia kwangu, mama yangu hakuwa ameniona nikikimbia hata mara moja, ila nikikimbizwa na fagio.

Kajiado ilikuwa na jua la kukaanga, upepo, na vumbi jeupe lililokaa kwenye nyusi. Tulifika kwa lori la mchanga la Mzee Lemein, tukashuka weupe kichwa hadi miguu. Mzee mwenyewe alikuwa chini ya hema, kiti cha mbele, na shuka yake nyekundu juu ya suti. Mama alikuja kivyake, gauni la Krismasi, mkoba, chapati zimefungwa kwa gazeti, na kwa bahati au kwa ujasiri akapata kiti nyuma yake tu. Mwalimu Mutiso akafungua gunia. Tukaingiza miguu, miguu ikapotea. Tulikuwa wasichana wanne wa mbio zile na sote tulikuwa tunaelea. "Gazeti!" Mwalimu akaagiza. Tukajaza gazeti mbele, gazeti nyuma, na lilipoisha akamwomba mama lile la chapati. Halafu akapiga magoti, akatufunga kamba mmoja mmoja kwa fundo la kufungia ng'ombe, fundo juu ya fundo, akisema, "Hiki hakitoki hata mkikimbia hadi Namanga." Akasimama akatutazama, na machozi yakamlengalenga. "Mnakaa kama watu wa televisheni," akasema. Nikageuka nikamwona mama. Alikuwa amesimama ili aone vizuri, mkono kifuani, na anatabasamu kwa meno yote. Nilijisikia mrembo. Nilipiga hatua moja na nusura nianguke.

Bunduki ililia. Hatua ya kwanza sikusikia ardhi. Mtu ambaye hajakimbia peku hataelewa ninachosema. Mimi ardhi ilikuwa inaniambia mambo, hapa jiwe, hapa shimo, hapa laini, ongeza, na ghafla ikanyamaza. Nilikuwa nakimbia juu ya godoro. Kisigino, ambacho siku zote kilikuwa nyuma kimestarehe, kikaanza kutangulia, pu, pu, pu, na kila pu ilifika kwenye meno. Kabla mzunguko wa pili haujaisha gazeti lilianza kutoka. Lilitoka kwa nyuma, kipande kwa kipande, likapeperuka, na upepo wa Kajiado ukalichukua ukalipeleka kwa wakimbiaji wengine. Msichana mmoja wa Loitokitok alibandikwa kipande usoni akakimbia hatua kadhaa akiwa haoni. "Wasichana wa Kitengela," kipaza sauti kikasema, "wanaombwa wasitupe takataka uwanjani." Watu walicheka hadi wakapigana mabega. Gazeti lilivyopungua ndivyo mguu ulivyozidi kuteleza ndani, mbele, nyuma, na ngozi yangu, ile ambayo kaa la moto halikuitisha, ikaanza kuchubuka juu, nyuma ya kisigino, mahali ambapo ardhi haijawahi kugusa. Mwenzetu mmoja alikaa kando akilia. Mwingine alikuwa anatembea.

Nashipae alikuwa mbele yangu kidogo tu. Nikamwona anarusha teke upande, teke kama la punda, na kiatu kikaruka na fundo lake, kikampita mwamuzi wa kuruka juu karibu na sikio. Teke la pili, cha pili kikaenda. Akatoweka mbele. Mimi nilijaribu teke. Halikutoa kitu, miguu yangu ilikuwa imevimba ikashika. Nikatazama hema. Mzee Lemein amesimama, anatazama viatu vyake. Nyuma yake mama, amesimama, anatazama viatu vyangu. Nikaendelea robo mzunguko nikiwafikiria hao wawili. Watu wakanipita, mmoja, mwingine, na mwingine, na kila aliyenipita nilimwona shangazi yangu wa Bungoma akisogea karibu na mashine yake ya taipu. Nikakaa chini. Katikati ya njia, mashindano ya wilaya, nikakaa chini kama mtu anayechambua mchele, nikapigana na fundo la Mwalimu Mutiso kwa kucha na kwa meno. Nikawasikia watu wakinipita. Nikasikia mama akiita jina langu. Fundo likaachia. Nikasimama, na hapa ndipo malezi yalipoonekana: sikuweza kuvitupa. Vitu vipya? Vyeupe? Vya mtu? Nikavishika, kimoja mkono huu na kimoja mkono huu, nikaanza kukimbia.

Ardhi ikanirudia. Sijui niseme vipi. Ilikuwa moto, ina kokoto, nyuma ya visigino damu inatoka, na nilifurahi hadi nikapiga kelele. Nilimpita mmoja, mwingine, na mwingine. Nikampita wa Loitokitok mwenye gazeti. Mwalimu Mutiso alikuwa anakimbia kandoni, tumbo na filimbi, akinililia, "Mikono, Nafula! Mikono!" na mikono yangu ilikuwa imebeba viatu, inapiga hewa kama mabawa ya bata. Kwenye kona ya mwisho nilikuwa nyuma ya msichana wa tatu, nikaona shingo yake, nikaona jasho kwenye shingo, nikanyoosha kiatu mbele kana kwamba kiatu kingehesabiwa. Hakikuhesabiwa. Nashipae alikuwa wa kwanza kwa mbali sana. Mimi nilikuwa wa nne.

Niliketi pale mwisho, sikutaka kuinua kichwa. Nilingoja Mzee Lemein aje anifokee, na kweli alikuja, rungu mkononi, shuka inapepea. Akanisimamisha kwa mkono. Akamnyang'anya mtangazaji kipaza sauti. "Mnaona huyu mtoto?" akanguruma. "Huyu amelelewa! Ameona kiatu inaumia, inachoka, yeye akaibeba! Iko mtu ingine kama hii hapa Kajiado?" Watu wakashangilia, hata wale wa Ngong. Akamgeukia Nashipae, mshindi, aliyesimama na vumbi hadi magotini. "Na wewe! Kiatu iko wapi?" Nashipae akaonyesha kwa kidevu upande wa kuruka juu. "Unashinda watu wote na unapoteza kiatu!" mzee akasema kwa uchungu, na mshindi wa wilaya akatumwa akatafute viatu huku wa nne akipigiwa makofi. Hadi leo Nashipae akikasirika nami hunikumbusha hilo, na Jumapili ile hapo ndipo Saruni alipocheka akashika mguu wake mbovu. Lakini mimi pale sikucheka. Makofi hayakuwa na maana yoyote. Walikuwa wanachukua watatu.

Mama alinikuta nyuma ya hema. Alikuwa na maji kwenye kikombe alichoazima kwa mama wa chai. Akaketi kwenye nyasi na lile gauni la Krismasi, akaweka mguu wangu kwenye mapaja yake, juu ya kitambaa kizuri, nikajaribu kuuondoa akaurudisha. Akaosha kisigino. Ngozi ilikuwa imefunguka hadi nyama nyekundu ikaonekana. Akaugeuza mguu, akatazama chini, ule wayo wa mtu wa kokoto aliouonea haya miaka yote. Akaupitishia kidole. Haukuwa na jeraha lolote. "Huku chini hakuna kitu," akasema. Nikasema, "Hapana, mama." "Ni huku juu tu. Ni viatu." "Ndiyo, mama." Nilikuwa nimeanza kulia. Nilimwambia najua tulivyokubaliana, nitaenda kwa shangazi, nitajifunza hiyo taipu, lakini asinipeleke likizo hii, aningoje nipone. Akavua kitambaa chake cha kichwa, cha maua, cha kanisani, akakipasua kwa meno katikati. Akanifunga visigino.

Uwanja ulikuwa unaisha. Watu walikuwa wanashusha hema, mbuzi wameingia upande wa kuruka chini, Mwalimu Mutiso anahesabu viatu na kulaani. Mama akasimama, akajikung'uta nyasi. Akatazama ile njia ya kukimbilia iliyobaki tupu, yenye vipande vya gazeti. "Leo nilikuja kuona viatu," akasema. "Nimeviona. Wewe sijakuona." Sikuelewa. "Enda uzunguke," akasema. "Mara moja. Nikuone." "Mama, nimeumia." "Si umesema ni huku juu? Enda."

Nikaenda. Mwanzo kwa uoga, halafu nikasahau. Hapakuwa na mtu wa kushinda wala kipaza sauti, mbuzi tu, na jua lilikuwa limeshuka. Nilikimbia kama ninavyokimbia kule uwandani alfajiri, kwa miguu yangu, na kila nilipogeuza kona nilimwona mama amesimama palepale, kichwa kitupu, mkoba umeshikwa kwa mikono miwili mbele, akigeuka polepole kunifuata kwa macho. Nilipofika mbele yake nikasimama, nikihema, nikingoja.

Alinitazama kutoka usoni hadi miguuni.

"Kumbe," akasema.

Akanipa chapati. Akaanza kuondoka kuelekea barabarani na mimi nikamfuata, na alipofika kwa Mwalimu Mutiso hakusimama, alisema tu akipita, bila hata kugeuza shingo: "Mwalimu, mwaka ujao uniwekee kiti mapema. Hapo nyuma ya mzee sikuona vizuri."